Chupa iliyotuliza mwasho: kisa cha mwanafunzi aliyepata presha ya macho kwa dawa ya dukani

Kisa hiki na sababu ya kukiandika

Mgonjwa ni mvulana wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyeletwa kwenye kliniki yetu ya macho katika hospitali moja ya rufaa nchini Tanzania. Familia imeridhia kisa kisimuliwe. Majina, mahali na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha yameondolewa, na mengine yamebadilishwa kidogo. Vipimo na mfuatano wa matukio vimebaki.

Nimekichagua kwa sababu ndani yake mna magonjwa matatu ya macho ambayo karibu kila nyumba imewahi kuyasikia: mzio, mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi ya jicho) na presha ya macho, yaani glakoma. Kijana alianza na mzio peke yake. Mengine mawili aliletewa na matone ya kutibu mzio. Chupa aina ile ninaiona mikononi mwa wazazi mara nyingi mno, na nyingi hununuliwa kwa upendo na kwa pesa ya mwisho iliyobaki nyumbani.

Mwasho ulioanza darasa la tatu

Mama yake alisimulia kwamba mtoto alianza kufikicha macho akiwa darasa la tatu. Msimu wa upepo na vumbi ulipofika hali ilizidi. Usiku alijikuna mpaka kope zikavimba, na asubuhi alitoa ute mweupe unaovutika kama uzi. Mwalimu alimrudisha nyumbani zaidi ya mara moja akihofia ataambukiza wenzake.

Pale zahanati alipewa mafuta ya tetrasaiklini. Ni dawa nzuri kwa maambukizi ya bakteria na ina nafasi yake kwenye trakoma (vikope), lakini mzio haiugusi. Wiki mbili zikapita, mwasho uko palepale.

Macho mekundu si ugonjwa mmoja. Maambukizi ya virusi, kama yale yaliyoenea kuanzia Dar es Salaam Januari 2024 hadi Wizara ya Afya ikatoa tahadhari kwa umma, huja na machozi mengi. Mara nyingi huanza jicho moja na kuhamia la pili, na ndani ya siku chache nyumba nzima inaumwa. Bakteria huleta tongotongo za njano zinazogandisha kope asubuhi. Mzio wa aina ya kijana huyu huwapata zaidi watoto, wavulana kuliko wasichana. Huanza macho yote mawili, hurudi msimu kwa msimu, na dalili yake kuu ni mwasho mkali. Kwa watoto wetu, weupe wa jicho unaozunguka sehemu nyeusi hubadilika ukawa na rangi ya kahawia kama uliopakwa matope, na wazazi wengi hudhani mtoto kazaliwa hivyo. Mtoto ambaye macho yamemuwasha miaka miwili, na ndugu anaolala nao hawajaambukizwa, hana macho mekundu ya kuambukiza. Swali hilo moja, "Nani mwingine nyumbani anaumwa?", lingetosha kubadili njia aliyopitishwa.

Jirani ndiye aliyemwelekeza mama kwenye duka la dawa. Muuzaji alisikiliza, akatoa chupa ndogo ya matone yenye deksamethasoni asilimia 0.1 iliyochanganywa na neomaisini, dawa ya bakteria. Mama anakumbuka vizuri: "Usiku ule ule mtoto alilala usingizi mzima. Nikasema Mungu asante, tumepata dawa."

Hakudanganywa na hakukosea kuona nafuu. Deksamethasoni ni steroidi, kundi la dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio, na steroidi hutuliza mzio wa macho kwa nguvu sana. Ilipokwisha akanunua nyingine. Mwanzoni ilikuwa siku tano tano, macho yakichafuka. Mtoto alipofika darasa la saba alikuwa anadondosha kila asubuhi kabla ya shule. Alitumwa dukani mwenyewe na chupa tupu mkononi ili asikosee jina. Hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nani wala ameitumia kwa muda gani. Kwa jumla alitumia zaidi ya miaka minne, miwili ya mwisho bila kupumzika.

Dalili zilizopita bila kusomwa

Kidato cha kwanza alianza kuumwa kichwa juu ya nyusi. Wakati wa mpira alikuwa anapitwa na mipira inayotoka kulia, wenzake wakamhamishia golini, kisha wakamwacha. Nyumbani alijigonga mlangoni bega lilelile kila mara. Taarifa ya shule iliandika kwamba hana umakini.

Mama mdogo anayeishi naye mjini alimpeleka duka la miwani. Alipimwa, akapewa miwani ya kuona mbali iliyomsaidia kusoma ubao kwa jicho la kushoto. Presha ya macho haikupimwa, na hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani.

Katika sehemu ya mbele ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutolewa muda wote. Hayahusiani na machozi. Yanatoka kupitia kichujio chembamba kwenye pembe kati ya konea (kioo angavu cha mbele ya jicho) na sehemu yenye rangi. Kwa baadhi ya watu, steroidi hukifanya kichujio hicho kizibe taratibu. Maji yanaingia kama kawaida, yanatoka kwa shida, na presha inapanda. Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikipanda polepole, jicho haliumi wala haliwi jekundu. Neva inayopeleka picha kwenye ubongo, yenye nyuzi zaidi ya milioni moja, huanza kufa kidogo kidogo. Kwanza unapotea uoni wa pembeni, na jicho la pili linaziba pengo, kwa hiyo mtu haoni kwamba haoni. Mtoto hana cha kulinganisha. Anadhani kila mtu anaona hivyo.

Kilichowaleta hospitali ni kitu kingine. Alipotoka darasani kwenda juani jicho la kulia lilikuwa linaona ukungu mweupe, na taa za magari usiku zilimtawanyikia. Mama mdogo, ambaye mama yake mzazi aliwahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho akaona tena, alisema ugonjwa ni ule ule. Walikuja wakiwa wamejipanga kwa upasuaji wa siku moja na safari ya kurudi.

Siku ya kwanza kliniki

Jicho la kulia lilisoma 6/60: herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 60, yeye aliiona akiwa mita 6, na miwani haikuongeza kitu. La kushoto lilisoma 6/18, na kwa miwani iliyorekebishwa 6/12.

Kabla ya mashine yoyote tulifanya kipimo cha tochi. Unamulika jicho moja, unahamia la pili, unarudi, huku ukitazama mboni. Mwanga ulipohamia jicho la kulia mboni zilitanuka badala ya kusinyaa. Mtoto wa jicho peke yake, hata awe mweupe kabisa, hasababishi hilo. Maana yake neva ya kulia imeumia kuliko ya kushoto. Ni kipimo cha tochi ya kawaida na sekunde chache, na zahanati yoyote inaweza kukifanya. Kwa maoni yangu ndicho kipimo kilicholiokoa jicho la kushoto, kwa sababu kilituzuia kuandika "mtoto wa jicho" kwenye cheti na kumpanga kwenye orodha ya upasuaji.

Presha ilikuwa 44 kulia na 36 kushoto. Pembe ya jicho ilikuwa wazi kote kuwili. Kwenye upande wa nyuma wa lenzi zote mbili kulikuwa na ukungu wa aina inayohusishwa sana na steroidi, mzito zaidi kulia. Neva ya kulia ilikuwa imeliwa karibu yote, ukingo mwembamba tu umebaki. Ya kushoto ilikuwa imeumia vya kutosha kututia hofu, ila ilikuwa na cha kuokolewa. Kipimo cha uwanja wa kuona kilithibitisha: kulia kilibaki kisiwa kidogo cha katikati, kushoto sehemu ya juu ilianza kuondoka. Tulizigeuza kope za juu na kukuta vinundu vya mzio vilivyotulia. Konea zilikuwa safi. Tulizikagua kwa makini kwa sababu kufikicha macho kwa miaka mingi kunaweza kuifanya konea iwe nyembamba na ichongoke.

Tulipouliza dawa, mama alifungua mkoba akatoa chupa mbili, moja tupu na moja nusu. Tuliona jibu la kisa chote kwenye lebo.

Uamuzi wa kwanza: kuisimamisha chupa bila kumrudisha kwenye mwasho

Kusema "acha dawa hii" ni rahisi. Ugumu uko siku tatu zinazofuata. Steroidi ikikatwa kwa mtoto mwenye mzio, mwasho hurudi kwa nguvu, na dawa salama ya muda mrefu, kromoglaiketi ya sodiamu, haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Inahitaji hadi wiki mbili, inadondoshwa mara nne kwa siku, na inatakiwa kuendelea hata siku ambazo macho hayawashi. Familia inayopewa dawa hiyo peke yake huona haifai, hurudi dukani, na daktari hajui.

Kwa hiyo mpango ulilenga wiki ya kwanza. Alipewa olopatadini mara mbili kwa siku, dawa inayozuia mzio na kuanza kutuliza mapema, pamoja na kromoglaiketi ya kujenga kinga. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, juu ya kope zilizofungwa, kila mwasho unapoanza. Kunawa uso akitoka nje, na kofia yenye ukingo kwa ajili ya jua na vumbi. Tuliwaambia wazi kwamba siku ya pili na ya tatu zitakuwa mbaya, na wapige simu badala ya kwenda dukani. Walipiga siku ya tatu usiku. Muuguzi aliongea na kijana mwenyewe, akamsihi avumilie na kitambaa. Akavumilia.

Sindano ya steroidi chini ya kope, ambayo hutumika kwa mzio sugu, tuliikataa. Kwa jicho ambalo limeshaonyesha kupanda presha kiasi hiki, dawa ikishachomwa huwezi kuitoa kirahisi.

Uamuzi wa pili: kushusha presha kwa mtoto mwenye pumu

Tone la kwanza ambalo wengi wetu tungeandika ni timololi. Ni nafuu, inapatikana hadi wilayani, na inashusha presha vizuri. Tulimuuliza mama kama mtoto aliwahi kubanwa kifua. Alibanwa tangu mdogo, na mwaka uliopita alilazwa. Timololi inayodondoshwa jichoni huingia kwenye damu kupitia pua na inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu hadi kumuua. Watoto wenye mzio wa macho mara nyingi wana pumu pia, au ukurutu, au mafua ya mzio. Swali la pumu kwao ni la lazima.

Tulimpa dozolamidi na brimonidini kwa matone, na vidonge vya asetazolamidi kwa muda mfupi. Kabla ya vidonge tuliuliza kuhusu mzio wa dawa za salfa na tukapima seli mundu. Majibu yalikuwa mazuri. Tulimwonya kwamba vidole vitamwasha kwa ganzi, atakojoa mara kwa mara, na soda haitakuwa na ladha yake. Latanoprosti tuliiweka akiba kwa sababu inaweza kuongeza wekundu kwenye jicho lenye mzio uliochafuka.

Baada ya wiki tatu presha ya kushoto ilikuwa 21, ya kulia 33. Jicho ambalo limetumia steroidi kwa muda mfupi mara nyingi hurudi lenyewe ndani ya wiki kadhaa dawa ikiachwa. Baada ya miaka minne, kichujio cha kulia hakikuwa na dalili ya kufunguka.

Mazungumzo ya chumba kidogo

Haya tuliyafanya siku ya pili ya kliniki, mlango ukiwa umefungwa, bila foleni kusikiliza. Walikuwepo kijana, mama na mama mdogo. Mama aliposikia neno presha alishtuka: "Presha? Mtoto huyu?" Tukamweleza kwamba haihusiani na presha ya damu, na tukamchorea jicho kwenye karatasi.

Kisha swali lililokuwa likisubiriwa: "Kwa hiyo mkimtoa huyo mtoto wa jicho, ataona?" Tulimjibu kwamba lenzi inaweza kubadilishwa, neva haiwezi. Kilichopotea pembeni hakirudi kwa miwani, kwa upasuaji wala kwa dawa yoyote iliyopo leo, na atakayemwambia vinginevyo atamlia pesa. Kilichobaki kinaweza kulindwa, na jicho la kushoto lina mengi ya kulindwa.

Mama alilia. Alisema, "Ni mimi niliyekuwa namdondoshea." Muuguzi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alimshika mkono: "Mama, wewe ulinunua dawa iliyouzwa kama dawa. Umeileta na chupa. Bila chupa hii tungehangaika." Kijana alikuwa kimya, kisha akauliza kama ataweza kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kuanzia hapo tulielekeza maelezo yote kwake. Ana miaka 15 na macho ni yake.

Uamuzi wa tatu: upasuaji upi, jicho lipi

Familia ilitaka mtoto wa jicho aondolewe kwanza. Na kweli upasuaji huo unafanyika vizuri hapa kwetu: lenzi iliyochafuka inatolewa kupitia tundu dogo, mara nyingi bila mshono, na lenzi ya bandia inawekwa. Teknolojia hiyo ina historia tangu 1949, Harold Ridley alipoweka lenzi ya bandia ya kwanza jijini London. Lakini ukiondoa ukungu huku presha ni 33, unampa mtu dirisha safi katika jicho ambalo neva yake inaendelea kufa.

Tulijadili pia leza ya kufungua kichujio. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilishiriki utafiti uliochapishwa 2021 uliolinganisha leza hiyo na timololi kwa watu wazima wenye glakoma: baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Ni matokeo yanayostahili kubadili tiba kwa watu wazima wengi wa eneo letu wanaoshindwa kununua matone kila mwezi. Kwa kijana mwenye neva iliyokwisha kiasi hiki, aliyehitaji presha ya chini sana na haraka, hatukuona kwamba leza ingetosha.

Tulichagua trabekulektomi ya jicho la kulia: kutengeneza njia mpya ya maji kutoka ndani ya jicho hadi chini ya ngozi laini iliyofunikwa na kope la juu, ambako hufyonzwa. Vijana huponya vidonda haraka na njia hiyo huziba, kwa hiyo tuliweka mitomaisini C kwa dakika chache ili kovu lisijengeke. Kushoto tuliendelea na matone kwa sababu yalikuwa yanafanya kazi. Familia haikuwa na bima. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iliwasamehe sehemu ya gharama, na ukoo ukachanga iliyobaki.

Upasuaji ukishafanyika, jicho linahitaji steroidi kwa wiki kadhaa ili lisivimbe na kuziba njia mpya. Mama aliposoma chupa ya prednisoloni alisimama: "Daktari, si mlisema hizi ndizo zilizomharibu?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa. Jibu: jicho hili sasa lina njia ya maji isiyopita kwenye kichujio kilichoziba, presha itapimwa kila akija, idadi ya matone itapunguzwa kwa ratiba, na chupa itarudishwa kliniki siku ya mwisho. Tuliizungushia plasta nyekundu na kuandika KULIA TU. Steroidi ina kazi yake kwenye tiba ya macho, na katika mzio unaochimba kidonda kwenye konea inaweza kuwa ndiyo inayookoa jicho. Inahitaji mtu anayepima presha na tarehe ya mwisho.

Matokeo

Miezi mitatu baada ya upasuaji presha ya kulia ilikuwa 12 bila dawa, ya kushoto 17 kwa matone mawili. Mwezi wa nane tuliondoa mtoto wa jicho wa kulia na kuweka lenzi. Uoni ulipanda hadi 6/36, ndani ya uwanja ule ule mwembamba. Kijana alikuwa ameandaliwa, akaridhika kwamba mwanga haumchomi tena. Kushoto, kwa miwani na macho yaliyotulia, anasoma 6/9. Ukungu wa lenzi hiyo ni mdogo na tumeuacha.

Katikati kulitokea kurudi nyuma. Wakati wa likizo alikwenda kwa babu yake, msimu wa upepo, kromoglaiketi ikaisha na duka la kule halikuwa nayo. Binamu yake akampa matone yake ya mwasho. Aliporudi mama mdogo alikuta chupa mfukoni wakati wa kufua, akasoma jina, akapiga simu siku hiyo hiyo. Presha ya kushoto ilikuwa 29. Dawa iliachwa, ikashuka hadi 18 baada ya wiki tatu, na neva haikuonyesha mabadiliko. Baada ya hapo tuliongeza matone ya saiklosporini, yanayotuliza mzio mkali bila kupandisha presha. Yanawasha kidogo yakidondoka, yana bei kubwa, na yanaagizwa Dar es Salaam. Wanayanunua kwa miezi ya msimu mbaya tu.

Shule ilipokea barua yetu. Anakaa mbele upande wa kulia wa darasa ili ubao wote uwe kushoto kwake, anapewa nakala zenye maandishi makubwa, na jina lake litapelekwa na shule kwenye orodha ya watahiniwa wenye uoni hafifu.

Uchambuzi

Watu wengi wakisoma kisa hiki watamnyooshea kidole muuzaji wa duka. Anastahili sehemu yake: dawa ya aina hii ni ya cheti, na aliiuza kwa mtoto mwenye chupa tupu. Lakini nikiangalia mlolongo, duka lilishinda kwa sababu lilikuwa mahali pekee palipompa mtoto usingizi. Zahanati ilitibu maambukizi ambayo hayakuwepo na haikumwambia arudi lini. Tutaendelea kushindwa na chupa ile mpaka zahanati na vituo vya afya viwe na kromoglaiketi na olopatadini rafuni, na mhudumu aliyefundishwa kugeuza kope na kuuliza nani mwingine anaumwa. Kulaumu duka wakati zahanati haina mbadala ni kumwacha mzazi bila pa kwenda.

Duka la miwani lilikuwa nafasi ya pili iliyopotea, na kwangu hii inauma zaidi. Kijana alikaa kwenye kiti cha kupimia macho, mbele ya mtu mwenye ujuzi, takribani mwaka mmoja kabla ya kutufikia. Swali la dawa lingechukua nusu dakika. Vifaa vya mkononi vya kupima presha vipo, na duka linalouza miwani kwa watoto linaweza kuwa nacho kimoja. Lisipokuwa nacho, mtoto yeyote anayetumia matone ya macho zaidi ya wiki mbili apelekwe kwenye kliniki inayopima.

Si kila anayetumia steroidi hupatwa na haya. Uchunguzi wa miaka ya 1960 kwa watu wazima waliodondoshewa kwa wiki kadhaa ulionyesha kwamba takribani theluthi yao presha hupanda kwa kiasi cha kati, na takribani watu 5 kati ya 100 hupanda sana. Watoto nao hupanda, na wakati mwingine kwa haraka kuliko wakubwa. Hakuna namna ya kumjua kwa sura. Jirani aliyemwelekeza mama dukani aliitumia dawa hiyo kwa mwanawe na hakuna kilichotokea, na ndiyo maana alikuwa na imani nayo.

Kilichosaidia zaidi, nje ya upasuaji, ni kwamba nyumba nzima ilifundishwa kusoma chupa. Tuliwaelekeza watafute kwenye lebo majina yanayoishia na "sone" au "lone", ambayo ndiyo mengi ya steroidi za macho zinazouzwa hapa. Mama mdogo hakusomea udaktari, lakini aliitambua chupa ya binamu kwa herufi hizo nne. Maelezo yetu yote kuhusu kichujio na neva yasingefanya kazi hiyo mfukoni mwa suruali ya kufua.

Kilichobaki dhaifu ni upatikanaji. Mpango wetu ulitegemea dawa zinazopatikana mjini, na ulivunjika mara ya kwanza tu kijana alipotoka mjini. Sasa kabla ya kila likizo anapewa chupa za kutosha miezi miwili, na kwenye kadi yake ya kliniki imeandikwa kwa wino mwekundu: ana pumu, asipewe timololi, presha hupanda kwa steroidi.

Tuliwaita pia ndugu zake, kwa kuwa mwelekeo wa kupanda presha kwa steroidi unaweza kuwa wa ukoo. Dada yake wa miaka tisa alikuwa na macho ya kahawia pembeni na mwasho wa usiku, na alikuwa akidondoshewa kutoka chupa ya kaka yake "ikibaki kidogo". Presha yake ilikuwa 19 na 20, neva nzima. Ameachishwa, yuko kwenye kromoglaiketi na kitambaa cha maji baridi, na anapimwa siku moja na kaka yake kila baada ya miezi mitatu.